Albamu ya sinthesaiza ya anga: kaseti, santuri au faili?

Msanii wa Ntinda
Habari za jioni, wenzangu. Nimekamilisha albamu ya muziki wa sinthesaiza (kinanda cha umeme kinachounda sauti) wa mtindo wa anga, yaani wa noti ndefu za taratibu, vipande viwili visivyo na mwimbaji, kila kimoja kikikaribia nusu saa, nami nataka kutoa nakala chache za kuuza mkono kwa mkono. Kati ya kaseti, santuri na faili ya kidijitali, ni kipi kinachoufaa muziki wa namna hii? Nauliza kuhusu sauti, si kuhusu fasheni.

Fundi wa Jinja
Kwa urefu huo, santuri iondoe mapema. Upande wa santuri ya inchi 12 hutosheka na dakika 20 na ushee. Ukizidisha, mifereji hubanana na sauti hulazimika kupunguzwa, besi ikiumia kwanza. Mwanamuziki Mjerumani Manuel Göttsching alirekodi albamu yake E2-E4 mwaka 1981 kwa mkupuo mmoja wa karibu saa nzima, lakini ilipotoka kwenye santuri mwaka 1984 ilibidi ikatwe pande mbili. Kaseti ya C60 inakupa dakika 30 kila upande. C120, ya dakika 60 kila upande, usiiguse, kwa kuwa utepe wake ni mwembamba, huvutika na kunaswa ndani ya deki.

Msikilizaji wa Mbale
Ndugu Fundi, na kuyumba kwa mwendo je? Utepe hupita kwenye kichwa cha deki, kinachosoma sauti, kwa sentimita 4.76 kwa sekunde, na mpira wa mota ukilegea, mwendo huo hupanda na kushuka. Katika kadongo kamu, ule muziki wa Uganda wa gitaa na masimulizi, gitaa na maneno huificha kasoro hiyo. Katika noti moja ya sinthesaiza iliyoshikiliwa dakika nzima, hakuna pa kuificha. Mimi nasema faili.

Fundi wa Jinja
Ni kweli, ssebo. Hata hivyo, kundi la Kijerumani Tangerine Dream walipotengeneza albamu ya Phaedra, iliyotoka mwaka 1974, sinthesaiza yao ya Moog ilikuwa ikipoteza tuni kadiri ilivyopata joto, na upotevu huo umebaki ndani ya rekodi. Pale wasanii walisikia wakakubali; deki iliyochoka haimwulizi mtu.

Mkusanyaji wa Kampala
Nyege Nyege Tapes, lebo ya muziki iliyo hapa hapa Kampala, hutoa kaseti na faili pia, kwa hiyo sioni ugomvi. Chukua utepe wa kawaida, si wa kromu (aina nyingine ya utepe inayohitaji mpangilio wake kwenye deki), maana redio nyingi zilizobaki mitaani hazina swichi ya kromu na huutoa kwa ukali. Majalada yachapishwe Nasser Road, mtaa wa wachapishaji.

Msanii wa Ntinda
Basi ni C60 ya kawaida pamoja na faili. Kipande cha kwanza huanza kimya kabisa. Je, kitafaa upande wa A?

Fundi wa Jinja
Kitafaa, mradi kimya hicho kiwe na noti ndogo ya chini, vinginevyo watu watasikia mvumo wa utepe peke yake. Acha pia sekunde kumi kabla ya kuanza kurekodi, kwa sababu mwanzo wa kaseti ni plastiki tupu isiyonasa sauti.