Mjadala: Ugonjwa wa mlipuko ukirudi, biashara ndogo za utalii zimtegemee nani?

Mtoa mada (Arusha)

Swali ninaloliweka mezani ni hili: viwanja vya ndege vikinyamaza tena kama ilivyokuwa mwaka 2020 wakati wa UVIKO-19 (korona), je, kampuni ya kitalii yenye magari mawili, nyumba ya wageni yenye vyumba sita na muongoza watalii asiye na mkataba wamgeukie mtalii wa ndani, au wafunge milango, wabane matumizi na kumsubiri mgeni wa nje? Hapa Arusha wengi niliozungumza nao wanashikilia jibu la pili, na hoja zao si nyepesi. Mimi nashikilia la kwanza, kwa sharti moja ambalo naona halisemwi vya kutosha: mtalii wa ndani hatafutwi siku ya dhiki. Ni mteja anayejengwa miaka ya neema, kwa safari iliyopangwa kwa ajili yake, wala si kwa kumkatia bei ya safari iliyopangwa kwa ajili ya mwingine.

Tuanze na wanaosema tusubiri. Wao huhesabu kuanzia Machi 16, 2020, mgonjwa wa kwanza alipotangazwa hapahapa Arusha, hadi Mei 18, anga la Tanzania lilipofunguliwa, kisha wanasema ilikuwa miezi miwili tu na mtu mzima anaweza kuivumilia. Lakini anga kufunguliwa ni jambo moja na wageni kuja ni jambo jingine. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 wakashuka hadi takriban 620,000, na mapato yakaporomoka kutoka dola bilioni 2.6 hadi milioni mia saba na ushei. Mwaka 2021 walikuwa takriban 922,000, mwaka 2022 milioni 1.45, na ni mwaka 2023 tu ndipo idadi ya 2019 ilipopitwa. Kusubiri, kwa hiyo, kulikuwa ni kusubiri miaka, na mwenye mkopo wa gari benki hana miaka ya kusubiri. Ni kweli kwamba Mei 2020 Benki Kuu ilipunguza riba yake kutoka asilimia 7 hadi 5 na kuruhusu mabenki yapange upya marejesho ya wateja walioyumba, lakini mkopo uliopangwa upya bado ni mkopo, na gari lililopandishwa juu ya mawe halilipi rejesho hata moja.

Sasa tuone kilichofanyika tulipomkumbuka Mtanzania. Matangazo yalimiminika kwenye makundi ya WhatsApp: siku tatu Tarangire, Ngorongoro na Manyara, Landcruiser ileile, loji ileile, chakula cha mchana ndani ya boksi lilelile lenye paja la kuku lililopoa na juisi ndogo, kwa nusu ya bei. Walioitikia walikuwa wachache, na kampuni zikahitimisha kwamba Mtanzania hapendi kutalii. Naona hitimisho hilo lilikuwa la haraka. Kiingilio hakikuwa kizuizi, kwa sababu raia wa Afrika Mashariki alikuwa akilipa shilingi 10,000 kabla ya kodi kuingia Serengeti wakati mgeni wa nje alilipa dola 60. Gharama iko kwenye gari na kitanda. Wazungu wawili huja na kulilipia gari zima lenye viti saba, na hesabu yote ya kampuni zetu imejengwa juu ya hao wawili. Ukiikata nusu, Mtanzania bado haimudu, na wewe huambulii hata pesa ya dizeli.

Mtalii wa ndani husafiri kwa kundi. Husafiri na kwaya, na kikoba, na SACCOS ya kazini, na ukoo mzima uliokuja kwenye harusi. Hutaka Costa ya watu ishirini na watano itoke alfajiri na kurudi usiku, hutaka pilau la moto na nyama, hutaka muziki njiani, na hutaka kulipa kidogokidogo kwa simu kuanzia miezi minne kabla, si kutoa kitita mara moja. Biashara ya namna hiyo ina faida ndogo kwa kichwa, lakini ina faida, na haihitaji ndege. Walioko kusini wanaijua: Mikumi, kwa kuwa barabara kuu inaikata katikati, imezoea mabasi ya wanafunzi na ya wafanyakazi kutoka Dar es Salaam miaka mingi, na tangu treni ya SGR ianze safari za Morogoro mwaka 2024 mtu anaweza kuondoka Dar asubuhi na kupokewa kituoni na gari la kumpeleka mbugani.

Nitoe mfano wa kaskazini. Kila Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani "kuhesabiwa" kama tunavyowatania, barabara za Moshi hujaa Noah na Prado zenye familia nzima zilizo na fedha ya kutumia. Wanakwenda maporomoko ya Materuni, wanakwenda chemchemi ya Chemka. Wakifika Materuni wanakuta bidhaa kuu ni onyesho la kutwanga na kukaanga kahawa, na nani atamuuzia Mchagga onyesho la kahawa ambayo bibi yake anaichuma nyuma ya nyumba? Wanachohitaji ni mahali pa kukaa kivulini, jiko la nyama choma, mbege safi, choo kinachofungika na kijana wa kuwaangalia watoto wasiteleze kwenye mawe. Aliyewawekea vitu hivyo mwaka 2018 alikuwa na wateja mwaka 2020. Ambaye hakuwawekea alianza kuwatafuta akiwa tayari hana mtaji hata wa kununua mkaa.

Kuna jambo jingine linaloniuma kulisema, lakini ni la kibiashara kama mengine. Katika hoteli zetu kadhaa, familia ya Kitanzania ikifika getini askari huiuliza ina shida gani, huku gari la wageni wa nje likifunguliwa kabla halijasimama. Nimeyashuhudia hayo kwenye hoteli moja ambayo wiki chache baadaye ilitangaza "ofa kwa wazalendo". Mtu aliyeulizwa shida yake getini anakumbuka.

Wenzetu wa Kenya walionyesha kwamba inawezekana. Kwale na Mombasa zilikuwa zimefungiwa wasafiri tangu Aprili 2020. Vizuizi vilipoondolewa Julai 7, treni ya Madaraka ya Nairobi hadi Mombasa ikarudi Julai 13, na ndege za kimataifa hazikurejea hadi Agosti 1. Katika majuma hayo hoteli za ufukwe wa Diani, huko Kwale, zilizofungua hazikuwa na wa kumpokea ila Mkenya, na zilijua namna ya kumpokea kwa sababu hata kabla ya mlipuko zaidi ya nusu ya vitanda vya hoteli nchini humo vililaliwa na wakazi wenyewe. Bei ya mkazi haikubuniwa wakati wa UVIKO. Ilikuwepo na ilijulikana.

Naomba michango, hasa ya wanaopinga.

Mchangiaji wa kwanza (Moshi)

Ndugu mtoa mada, nakushukuru kwa hoja nzito, lakini naona umeangalia mbuga ukausahau mlima. Mimi ni muongozaji wa Kilimanjaro. Mgeni mmoja anapopanda siku sita au saba anaambatana na wagumu (wapagazi wa mlimani) watatu na zaidi, mpishi na muongozaji. Huko ndiko ajira za vijana wa Marangu, Machame na Mweka ziliko. Kiwango ambacho shirika linalotetea wagumu lilikuwa likikipendekeza ni shilingi 20,000 kwa siku, na wengi walilipwa chini ya hapo na kufidiwa na tipu. Nitajie kikoba kitakacholipia siku saba za mlima pamoja na tipu za watu watano. Costa yako ya pilau haimfikii mgumu hata mmoja.

Umesahau pia kwamba sehemu kubwa ya hao watalii wa ndani ni wanafunzi, na shule zilifungwa Machi 17, 2020, zikafunguliwa zote Juni 29. Mlipuko uliomfukuza mzungu uliwafungia na wanafunzi majumbani. Kwa hiyo mteja unayemwona kinga naye aliondoka siku ileile.

Sisi tulirudi kihambani, kwenye mashamba ya nyumbani. Wengine walilima mbogamboga, wengine wakaendesha bodaboda, wengine wakauza mabuti yao ya mlimani kwa bei ya kutupa, na safari za mlima ziliporudi walipanda kwa mabuti ya kuazima. Kwa mtazamo wangu, biashara haina njia ya kujikinga kwa kubadilisha mteja peke yake. Kinga ya mfanyakazi ni mkataba na michango ya NSSF, na kampuni nyingi zinatuita kwa safari moja moja ili zisilipe vyote viwili. Serikali ilipopata fedha za mpango wa UVIKO, shilingi trilioni 1.3 za mwaka 2021, madarasa 15,000 yalijengwa na sina ubaya nayo, mwanangu anasoma katika mojawapo. Lakini mgumu asiyeandikwa popote hawezi kufikiwa na msaada wowote, hata ukiwepo.

Mchangiaji wa pili (Jambiani, Unguja)

Assalaam alaykum. Naomba niwasogeze pwani, kwani huku tulijaribu njia ya tatu. Zanzibar ilifungua mapema, Juni 2020, na kuelekea mwisho wa mwaka ndege za kukodi zikaanza kutuletea Warusi na wageni wengine wa Ulaya Mashariki. Watalii walioshuka kutoka 538,000 mwaka 2019 hadi 260,000 mwaka 2020 walianza kupanda, na hoteli kubwa zilishukuru Mungu. Ila mgeni wa ndege ya kukodi amelipa kila kitu kwao: chumba, chakula, hata vinywaji. Mama anayeuza maji ya madafu pwani na kijana mwenye ngalawa hawakumwona. Kisha Februari 2022 vita vya Urusi na Ukraine vikaanza, baadhi ya wageni wakakwama hotelini bila njia ya kurudi, na ndege zile zikakatika. Kwa hiyo kumtegemea mgeni wa nchi moja ni hatari ileile kwa jina jingine.

Lakini kilichotuangusha sisi wenye vyumba vichache si kukosa mgeni peke yake. Ni malipo ya awali. Wageni wa Pasaka na wa Julai walikuwa wameshatanguliza fedha zao, nasi kama kawaida tulikwishazitumia kabla ya masika: makuti mapya, boriti, fundi wa bomba. Machi zikaanza kuja barua za kudai fedha zirudi. Waliokubali kusogezewa tarehe walituokoa. Waliokataa walitulazimisha kuuza vitu. Mwenzangu mmoja aliuza boti. Hao wageni wa ndani mngewapata vipi, mtoa mada, ikiwa kila shilingi iliyoingia ilikuwa inatoka kwenda kumlipa mgeni ambaye hakuja? Ningependa iwepo kanuni kwamba malipo ya awali yakae kwenye akaunti ya pekee hadi mgeni afike. Atakayeona kanuni hiyo ni ngumu ajiulize fedha hizo ni za nani.

Mtoa mada

Waalaykumu salaam, na nawashukuru wote wawili. Ndugu wa Moshi, kuhusu mlima nakubali: safari ya siku saba haina mbadala wa ndani, na sitadai vinginevyo. Ila kufika kambi ya Mandara kupitia lango la Marangu ni safari ya siku moja, kwenda na kurudi, na kundi la wafanyakazi ishirini linahitaji waongozaji na wabeba chakula. Si kazi ya kumtosha mgumu kwa mwaka. Ni kazi ya kumfanya asiuze mabuti. Kuhusu tipu, sioni sababu ya malipo ya mfanyakazi kutegemea huruma ya mteja: kampuni iyaweke ndani ya bei na kuandika mkataba, hata wa msimu. Na kuhusu wanafunzi uko sahihi, ndiyo maana niliandika kwaya, vikoba na SACCOS. Tanzania haikuwazuia watu wazima kusafiri mikoani hata wakati shule zimefungwa, na kipindi kile kilitupita bure.

Ndugu wa Jambiani, hoja yako ya akaunti ya pekee naiona kuwa nzito kuliko yangu kwa miezi mitatu ya kwanza ya mlipuko wowote. Lakini kwetu huku inagonga mwamba mahali pamoja: loji nyingi hudai fedha zao wiki kadhaa kabla mgeni hajafika, na wakala, yaani kampuni ya safari, asipolipa anapoteza vyumba. Kanuni ikimbana wakala peke yake, mwenye gari moja atakuwa na fedha za mgeni asizoruhusiwa kuzigusa na ankara ya loji asiyoweza kuilipa, naye mwenye magari hamsini atalipa kutoka mfukoni na kuchukua vyumba vyote. Je, kanuni unayoipendekeza iifunge na loji, izuiwe kudai malipo kamili mapema, au iweke kiasi ambacho wakala mdogo anaruhusiwa kukitoa kwenye akaunti hiyo kwa ajili ya kushika vyumba? Wenye loji mnaosoma hapa, semeni mngeikubali ipi.