Mashine ya kusaga nyuma ya chumba changu, Katuba (Lubumbashi, Kongo): sheria inalinda usiku peke yake?

Mama Muuguzi, Katuba
Jambo bakubwa. Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku. Narudi nyumbani saa mbili asubuhi, na saa ile ile jirani anawasha mashine yake ya kusaga bunga. Ni mota ya mazuti (dizeli), imefungwa kwenye sementi, mita 4 hivi kutoka kitanda changu. Kati yetu kuna ukuta wa lupango (kiwanja) tu. Inanguruma mpaka jioni.

Simchukii. Bukari (ugali) ya nyumbani mwangu inatoka kwake, na akina mama wanaopanga foleni pale na mabeseni yao ni jirani zangu. Lakini wiki iliyopita nilisoma kipimo cha dawa ya mtoto mara tatu ndipo nikakielewa. Niliogopa sana.

Shefu wa kartiye (mtaa) alinijibu: makelele yanakatazwa usiku, mchana mtu anatafuta maisha. Ni kweli? Telefone yangu inaonyesha desibeli 68 juu ya mto wa kulalia.

Kijana wa Sheria, Kampemba
Pole yaya. Shefu amechanganya mambo mawili. Fujo ya usiku ni kazi ya polisi. Mashine iliyofungwa mahali pamoja inaangaliwa na sheria 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira, na dekreti (amri ya serikali) 13/015 ya tarehe 29 Mei 2013, inayopanga mitambo kwa madaraja na kudai ruhusa. Uliza kwenye ofisi ya mazingira: mashine ile iko daraja gani, karatasi yake iko wapi?

Tena kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha sheria ya raia kinasema aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake anapashwa kulipa. Hakitaji saa. Andika barua, nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa.

Fundi Mota, Ruashi
Mama, kabla ya barua weka glasi ya maji sakafuni karibu na kitanda. Maji yakitetemeka, mtikisiko unapita kwenye sementi, na hata ukuta mrefu hautakusaidia. Mota inapashwa kuinuliwa, iwekewe mipira minene chini ya miguu, na bomba la moshi lipate sailensa nzima, ligeuzwe upande wa barabara. Jirani asikubali mtu amfungie mota ndani ya kisanduku kisicho na hewa: itachemka, na moshi wake unaua.

Usitegemee sana ile 68. Maikro ya telefone haisikii vizuri mngurumo mzito. Pima mota ikiwaka, pima ikizimwa, mahali pale pale. Tofauti ndiyo ya kuonyesha. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 1999 desibeli 30 ndani ya chumba cha kulala.

Mwenye Kinu, komini ya Kenya (hapa Lubumbashi)
Na mimi nasaga. Umeme ukikatika tunabaki na mazuti, hatuchagui. Mipira niliweka baada ya jirani kuja kuniongelesha kwa upole. Mtu akinianza na barua yenye muhuri, mimi pia natafuta wakili.

Mama Muuguzi, Katuba
Aksanti bote. Maji yametetemeka, mpaka ukingoni mwa glasi. Jumapili mota inapumzika. Nitaenda kwa jirani na mume wangu, na glasi mkononi. Fundi, mipira minne ya mota kama ile ni franka ngapi? Nusu nitalipa mimi.