Tupeane uzoefu: kulala nje ya mpaka wa Jiji la Arusha na kutafuta riziki ndani yake

Mleta mada, Sakina

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 416,442 ndani ya mipaka ya Jiji la Arusha, na ile ya mwaka 2022 ikawakuta 617,631. Ongezeko hilo la watu zaidi ya laki mbili ni sawa na takriban asilimia 4 kwa mwaka, ilhali wastani wa nchi nzima kwa kipindi hicho ni asilimia 3.2. Takwimu hizi zimenukuliwa mara nyingi, nami sina haja ya kuzirudia zaidi ya hapo. Ninachotaka tuzungumze ni kile ambacho hazikionyeshi. Sensa humwandika mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa, ambayo mara ya mwisho ilikuwa tarehe 23 Agosti 2022. Fundi aliyelala Maji ya Chai aliandikwa katika Halmashauri ya Meru, na mhudumu wa hoteli aliyelala Ngaramtoni pamoja na muuza nyanya aliyelala Kisongo waliandikwa katika Halmashauri ya Arusha, ambayo ni halmashauri tofauti inayolizunguka Jiji, ingawa saa tatu asubuhi wote watatu wako mjini wakifanya kazi, wakila, wakitumia vyoo vya soko na kulipa ushuru.

Kwa maoni yangu, Arusha tunayoishi ni kubwa kuliko ile iliyochorwa kwenye ramani. Tangu kukamilika kwa barabara ya njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru, yenye urefu wa kilomita 14 hivi, pamoja na barabara ya mchepuo ya takriban kilomita 42 inayozunguka kusini mwa mji, makazi yameungana kutoka Ngaramtoni hadi Usa River kiasi kwamba mgeni hawezi kujua anapotoka halmashauri moja na kuingia nyingine. Lakini shule, zahanati, kibali cha ujenzi na mkopo wa kikundi bado hufuata mpaka. Naomba kila mmoja aeleze mambo aliyoyaishi mwenyewe: unalala wapi, riziki yako iko wapi, na umbali huo unakugharimu nini.

Mchangiaji wa Muriet

Asante, ndugu mleta mada. Nilihamia Muriet kutoka Ngarenaro, ambako tulikuwa tumepanga vyumba viwili na mwenye nyumba akidai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: fedha ya kodi ya miaka michache ingetosha kununua kiwanja pembezoni, nami ningejenga polepole. Dalali alinipeleka kwenye shamba la mahindi na maharage la familia moja ya Kiarusha. Mipaka ilikuwa imepandwa masale, na mzee mwenye shamba alihesabu hatua zake mwenyewe kutoka sale moja hadi jingine huku mwanawe akiandika. Mkataba wetu ni karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Ina majina ya mashahidi, alama za vidole za wazee wawili wasiojua kuandika, na muhuri wa mwenyekiti. Hadi leo karatasi hiyo naihifadhi kwa uangalifu kuliko cheti changu cha ndoa.

Jambo ambalo sikulipigia hesabu ni barabara. Kila aliyenunua alinunua kipande chake hadi mwisho wa kipande, na hakuna aliyenunua njia. Nyumba zilipojaa, gari la maji taka halikuweza kupita, na jirani yetu alipougua usiku ilibidi abebwe kwenye kiti hadi bajaji ilipokuwa imesimama. Baadaye ulipoletwa mpango wa urasimishaji makazi, tulichanga fedha ili tupimiwe, na kila mmoja akaombwa kuachia mita kadhaa za ardhi yake bila fidia. Waliokuwa wamejenga uzio wa matofali hadi kwenye mpaka walikataa kata kata, na siwezi kuwalaumu kwa urahisi, kwa sababu uzio ule ndio akiba yao yote. Mtaa wetu umepimwa nusu. Kwa wanaotafuta viwanja sasa, nawasihi mwulize njia kabla ya kuuliza bei.

Mchangiaji wa Maji ya Chai

Naongezea jambo moja kwa wanaovutwa na viwanja vya bei nafuu upande huu wa Meru. Maji ya mteremko wa mlima wetu yana madini ya floridi kwa wingi, na eneo la Maji ya Chai linajulikana kwa hilo kuliko mengi. Meno ya kahawia ya watoto waliozaliwa hapa ni dalili ya kwanza. Madhara ya mifupa huja baadaye. Ndiyo sababu kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floridi pale Ngurdoto, ambako wataalamu wametumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuchuja maji ya kunywa. Familia zilizohamia kutoka mjini hazina habari hizi, nazo huchimba kisima, huona maji ni meupe, na kuwanywesha watoto wachanga. Mimi ni mama wa watoto watatu, na wa kwanza ndiye aliyelipa gharama ya kutokujua kwetu. Wadogo zake nimewalea kwa maji ya kununua, na fedha hiyo ya maji ingestahili kuingizwa kwenye bei ya kiwanja tangu mwanzo.

Mchangiaji wa Moshi

Nawaandikia kutoka upande wa pili, upande wa wanaoachwa. Mwaka 2012 mikoa yetu miwili ilikaribiana sana kwa idadi ya watu: Kilimanjaro ilikuwa na watu 1,640,087 na Arusha 1,694,310. Miaka kumi baadaye Kilimanjaro imefika 1,861,934, na Arusha 2,356,255. Tofauti ya watu elfu hamsini na kitu imekuwa karibu nusu milioni. Hata Manispaa ya Moshi yenyewe imetoka 184,292 hadi 221,733 tu, yaani ongezeko la asilimia 20 wakati Jiji la Arusha limeongezeka kwa asilimia 48.

Sababu tunaziona kwa macho huku kwetu. Kihamba, yaani shamba la ukoo, alichokirithi baba yangu kiligawanywa kwa wana, na sehemu yangu haiwezi kulisha familia kwa kahawa na migomba, wala mila hainiruhusu kuiuza kwa mgeni kama mnavyouziana huko. Kwa hiyo kijana wa Kibosho, Rombo au Marangu hutafuta maisha Dar es Salaam au Arusha, na hela anayoipata huko hujengea nyumba ya matofali hapa kijijini, ambayo hufunguliwa mwezi Desemba na kufungwa tena Januari. Wadogo zangu wawili wako Arusha, mmoja Kwa Mrombo na mwingine Tengeru. Mama yetu analelewa na mjukuu wa darasa la sita pamoja nami. Mnapozungumzia mji unaokua, naomba mkumbuke kwamba watu hao wametoka mahali, na kwamba huko walikotoka wazee wamebaki na mashamba wasiyoweza kuyapalilia.

Mleta mada, Sakina

Shikamoo mama wa Maji ya Chai, na pole kwa yaliyompata mtoto. Kaka wa Moshi, umenifungua macho. Nilikuwa nimeitazama Arusha peke yake.

Niongeze swali kwa wote: ni kazi gani hasa inayowavuta watu hapa? Wazee wetu waliijua Arusha ya viwanda, na kiwanda cha matairi cha General Tyre kilichofungwa mwaka 2009 bado kinatajwa kwa uchungu na waliokifanyia kazi. Leo tunasikia zaidi habari za utalii, madini, mikutano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Je, kazi hizo zinawafikia watu wa Muriet na Kisongo?

Mchangiaji wa Unga Limited

Zinawafikia, lakini kwa njia ya mzunguko, nami nitaeleza ya gereji yetu. Kazi yetu ni kurefusha magari ya Landcruiser kwa ajili ya safari za mbugani. Gari hukatwa katikati nyuma ya kiti cha dereva, fremu huongezwa kipande cha chuma na kuchomelewa kwa makini sana, kisha tunatengeneza ubavu mpya wenye madirisha mapana, viti, na paa la kunyanyuka ili mgeni asimame na kupiga picha. Gari moja hugusa mikono mingi: mchomeleaji, mpiga bati, fundi wa umeme, mshona viti, mpaka rangi na mama anayetuuzia chakula.

Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020 wakawa 620,867 kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Kwetu upungufu huo ulikuja ghafla. Kampuni moja iliyokuwa imetuletea magari iliyaacha nusu yakiwa yamekatwa na haikurudi, na bosi wetu akatuambia kwa heshima kwamba hana cha kutulipa. Kilichotuokoa ni hao hao wanaojenga pembezoni. Tulihamishia mashine zetu kwenye mageti na nondo za madirisha, na wateja wetu walikuwa walimu, madereva wa bodaboda na akina mama wa vikoba waliokuwa wakijenga Muriet, Olmoti na Moshono chumba kwa chumba. Nyumba zile ziliendelea kujengwa hata hoteli zilipokuwa zimefungwa. Tangu hapo siamini mtu akiniambia kwamba Arusha inaishi kwa utalii peke yake. Utalii umerudi kwa nguvu, kwa maana mwaka 2024 nchi ilipokea watalii zaidi ya milioni mbili, nasi tunakata magari tena; lakini mashine ya mageti hatukuiuza.

Mchangiaji wa Njiro

Nakubaliana na fundi. Nilikuwa nikisimamia nyumba za kupangisha wafanyakazi wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, na kodi zikilipwa kwa dola. Mahakama ilipomaliza kazi tarehe 31 Desemba 2015, wapangaji waliondoka karibu kwa pamoja. Baadhi ya wenye nyumba walisubiri wageni wengine wa dola kwa muda mrefu, wakati waliogawa nyumba zao kuwa vyumba vidogo kwa ajili ya wanafunzi na vijana wa mjini walipata wapangaji mara moja.

Mchangiaji wa Ngaramtoni

Mimi ni mtoto wa wale wanaouza. Ndugu wa Muriet ameeleza alivyonunua, nami nieleze upande wa mzee aliyehesabu hatua.

Baba yangu alirithi shamba la kutosha mahindi, maharage, ndizi na ng'ombe wa maziwa. Kipande cha kwanza kiliuzwa kwa ajili ya ada ya kaka yangu, cha pili kwa matibabu ya mama, na baada ya hapo kila shida ya nyumbani ilikuwa na jibu moja. Madalali walikuja hadi kwenye maombolezo. Bei ilikuwa ikipanda kila mwaka, kwa hiyo aliyeuza mapema alijiona amepunjwa, na aliyechelewa alibanwa na watoto wake wauze kabla bei haijashuka. Haikushuka. Leo hii ng'ombe wamebaki wawili wanaofungwa zizini na kulishwa majani ya kununua, maharage tunayanunua sokoni kama watu wa mjini, na vijana wawili wa ukoo wetu wanaendesha bodaboda wakiwabeba wenye nyumba zilizojengwa juu ya shamba la babu yao. Pikipiki zenyewe zilinunuliwa kwa fedha ya shamba hilo hilo.

Simlaumu aliyenunua, kwani wengi wao ni watu wa kipato cha kawaida wanaotafuta pa kuweka watoto. Ninachokililia ni kwamba hakuna aliyetukalisha chini wakati ule na kutueleza kwamba shamba lingeweza kupimwa viwanja kwanza, likatengewa njia na eneo la shule, na tukauza vichache kwa bei ya kiwanja badala ya vingi kwa bei ya shamba. Huko Olmoti, tangu ujenzi wa uwanja wa mpira wa mashindano ya Afrika ya mwaka 2027 uanze, wazee wanafuatwa vivyo hivyo. Aliye na mzazi huko amwambie leo.

Mchangiaji wa Kisongo

Namalizia na la mkopo, kwa kuwa mleta mada alilitaja. Tuko akina mama tunaouza mboga na nafaka soko la Kilombero, hapa mjini Arusha. Tulisikia kwamba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, imerejea mwaka 2024 baada ya kusimamishwa mwaka uliotangulia. Tukaandaa katiba, tukafungua akaunti na kuchagua viongozi. Tulipofika kwa afisa, ikaonekana kwamba baadhi yetu tunaishi ndani ya Jiji na wengine, mimi nikiwemo, tunalala Kisongo, upande wa Halmashauri ya Arusha. Tuliambiwa kwamba kikundi kinapaswa kuwa cha wakazi wa halmashauri inayokopesha. Nikaenda upande wa nyumbani, na huko nikaulizwa biashara iko wapi ili ikaguliwe. Biashara iko Kilombero, ambako nalipa ushuru kila siku kwa miaka mingi.

Sioni kwamba maafisa hao walikuwa na nia mbaya; walisoma walichoandikiwa. Kwa sasa kikundi chetu kimegawanyika: wenzetu wa mjini wameendelea na maombi, nasi wa Kisongo tumerudi kwenye kikoba chetu cha Jumapili, ambacho hakiwezi kutoa mtaji wa kununua gunia la mchele kwa jumla. Kama kuna dada au kaka ambaye kikundi chake kina wanachama wa halmashauri mbili na kilikubaliwa, iwe hapa au Moshi, naomba aeleze ni barua gani waliandika na nani aliwasainia.