MJADALA: Chama cha wauguzi kinachoongozwa na mabosi wetu kinaweza kumtetea nesi wa wodini?

Mleta mada

Wakuu, poleni na zamu. Naleta hoja ambayo kwenye mikutano yetu huwa inapoozwa kabla haijaiva.

Nasema hivi: chama cha kitaaluma kikiongozwa na mkurugenzi wa uuguzi, mkuu wa chuo na matroni (wasimamizi wa wauguzi) wawili watatu, hakiwezi kumtetea nesi wa zamu ya usiku. Sisemi hao ni watu wabaya. Ila anayepanga ratiba hawezi huyohuyo kuwa mlalamikaji wa ratiba.

Tusichanganye mambo lakini. Baraza la wauguzi linatoa leseni na kuifuta, na kazi yake ni kumlinda mgonjwa. Ukienda kule ukidhani ni mtetezi wako, umepotea njia. Chama cha wafanyakazi kinakaa na mwajiri kujadili mshahara, posho na saa za kazi. Chama cha kitaaluma kinashughulika na maadili, mafunzo endelevu, viwango vya kazi, na kuisemea taaluma pale sera zinapoandikwa. Hiki cha mwisho ndicho ninachokisema. Ada tunalipa, kalenda ya ukutani tunapewa, halafu siku ukibanwa unaambiwa "hilo ni suala la mwajiri wako".

Jambo hili si geni. Chama cha wauguzi wa California kilijitoa ndani ya ANA, chama cha kitaifa cha Marekani, mwaka 1995. Moja ya sababu ilikuwa hiyohiyo: wauguzi wa wodini waliona sauti ya wasimamizi na wakufunzi imezidi yao. Mwaka 1999 jimbo lao likapitisha sheria ya idadi ya wagonjwa kwa kila muuguzi, na ikaanza kutumika 2004. Chumba cha wagonjwa mahututi, muuguzi mmoja hazidishiwi wagonjwa wawili. Hiyo ni sheria, mwajiri hawezi kuichukulia kama ushauri. ANA wakati huo ilikuwa inapendelea kamati za ndani ya hospitali zipange idadi. Kamati! Mnajua wenyewe kamati ya ndani ya hospitali anaiongoza nani.

Karibuni mnipinge.

Mkufunzi mstaafu

Nakupinga, tena kwa historia hiyohiyo uliyoianza katikati.

Nani aliyeipa kazi hii hadhi ya taaluma? Ethel Gordon Fenwick, mwanzilishi wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi, ICN, mwaka 1899. Kabla ya hapo alikuwa matroni wa hospitali ya St Bartholomew's, London, kazi aliyoianza akiwa na umri wa miaka 24. Bosi huyo, mkuu. Ndiye aliyepigania wauguzi wasajiliwe kwa sheria, watu wasitoke tu mtaani na kujiita manesi, na vita hiyo ilichukua takriban miaka thelathini mpaka Uingereza ikapitisha sheria mwaka 1919. New Zealand walishawatangulia, 1901. Leseni unayoitundika ukutani ina jasho la matroni.

Na kuna mambo ambayo chama cha wafanyakazi hakitayagusa. Kanuni za maadili za ICN zilipitishwa 1953, na zimekuwa zikipitiwa upya hadi toleo la 2021. Daktari akikuamuru umpe mgonjwa dawa ambayo unaona dozi yake ina walakini, unaposimama na kusema "sitoi mpaka tuzungumze", unasimama juu ya kanuni hizo. Mkataba wa mshahara hauna ibara ya namna hiyo.

Zamu ya usiku

Mwalimu, heshima yako, lakini huyo matroni wako wa zamani alikuwa akipambana na serikali na madaktari. Hakuwa akipambana na bajeti aliyoisaini mwenyewe.

Mimi nieleze ya wodini. Unapokea zamu, unakuta mwenzako hajafika na hakuna wa kumjazia. Wodi nzima ni yako. Kuna mahali ambako wauguzi wana karatasi maalumu ya kujaza saa hiyohiyo: nimepokea mgawo huu, nimemweleza msimamizi kwamba si salama, idadi ya wagonjwa ni hii, hali zao ni hizi, saa ni hii. Nakala moja kwa msimamizi, nyingine kwa chama. Likitokea la kutokea saa kumi alfajiri, huambiwi "mbona hukusema". Karatasi moja tu! Nimewahi kuuliza kwa nini chama chetu cha kitaaluma kisiitengeneze. Nikajibiwa kwamba itaonekana tunawashtaki viongozi wa idara. Viongozi wa idara ndio waliokuwa wamekaa meza kuu.

Mchambuzi wa sera

Naona mnazungumza kana kwamba kuna upande mmoja wa wauguzi. Tazameni jimbo la Massachusetts, Marekani, Novemba 2018. Wananchi waliulizwa kwenye kura kama idadi ya wagonjwa kwa muuguzi iwekwe kisheria. Massachusetts Nurses Association, ambacho ni chama cha wafanyakazi, kilisema ndiyo. Tawi la ANA la jimbo hilohilo likasema hapana, likidai namba moja haiwezi kufaa kila wodi. Hospitali nazo zilipinga kwa nguvu. Mpiga kura wa kawaida akaona manesi wenyewe hawaelewani, hoja ikaanguka kwa takriban asilimia 70 ya kura.

Hapo ndipo napata shida na pande zote mbili. Ushahidi ulikuwepo. Utafiti wa mtaalamu wa uuguzi Linda Aiken na wenzake kwenye hospitali za jimbo la Pennsylvania, uliochapishwa 2002, ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi anaambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Kusoma takwimu kama hizo na kuzipeleka kwa wabunge zikiwa zimeeleweka ni kazi ya chama cha kitaaluma. Kuwafanya wabunge waogope kuzipuuza ni kazi ya chama cha wafanyakazi. Wakigeukiana, anayecheka ni mwenye hospitali.

Mleta mada

Mchambuzi, umenipa hoja bila kukusudia. Ni kwa nini tawi lile lilisimama upande mmoja na wenye hospitali? Unaweza kuamini hoja yao ya "namba moja haifai", hata mimi naiona ina uzito. Lakini mwanachama wa kawaida atajuaje kama ni hoja ya kitaalamu au ni hoja ya mwajiri iliyovaa sare yetu?

Nesi wa watoto

Jamani, mmesahau kosa la dawa. Marekani, jimbo la Tennessee, muuguzi alitoa kwenye kabati la dawa la kompyuta dawa ya kulegeza misuli badala ya dawa ya kutuliza, mgonjwa akafariki. Machi 2022 mahakama ikamtia hatiani kwa jinai, Mei akapewa miaka mitatu ya uangalizi bila kwenda jela. ANA na chama cha jimbo walitoa tamko kwamba kuyafanya makosa ya tiba kuwa jinai kutawafanya wauguzi wafiche makosa badala ya kuyaripoti. Hilo lilikuwa tamko zuri, na aliyelitoa ni chama cha kitaaluma.

Zamu ya usiku

Tamko zuri, dada, sikatai. Wakili je? Chama cha Uingereza, RCN, kina bima ya kitaaluma na msaada wa kisheria kwa wanachama. Mimi nikiitwa polisi kesho, nataka namba ya simu ya kupiga.

Mkufunzi mstaafu

Afadhali umeitaja RCN. Ilianzishwa 1916, mmoja wa waasisi akiwa matroni mkuu. Ikasajiliwa pia kama chama cha wafanyakazi miaka ya 1970. Mpaka 1995 kanuni zake zilikataza mgomo. Desemba 2022 ikagoma England, Wales na Ireland Kaskazini. Chombo kimoja, kazi zote mbili, na mabosi wamo ndani. Kwa hiyo inawezekana.

Ila msinyamazie na hili: Juni 2023 yalitoka matokeo ya kura ya kuendelea na mgomo kule England. Waliopiga, zaidi ya asilimia 80 walisema ndiyo. Waliojitokeza hawakufika nusu ya wanachama, na sheria ya pale wakati huo ilitaka nusu. Mgomo ukafa. Matroni hakuhusika. Tunataka kutetewa na mtu ambaye hatutaki hata kumpigia kura.

Mleta mada

Hapo umenibana, mwalimu. Basi napunguza hoja: mabosi wabaki wanachama, wagombee hata uenyekiti, lakini ajenda ya idadi ya wauguzi, nidhamu na malalamiko ya zamu ikifika, watoke ukumbini na wasipige kura.

Mkufunzi mstaafu

Wakitoka, ukumbini atabaki nani? Mkutano ni saa nne asubuhi siku ya kazi. Mwenye ofisi anaaga na kuja. Wa wodini hana wa kumwachia wagonjwa.

Zamu ya usiku

Ada yetu imlipe mtu wa kushika zamu. Wafute kalenda.