Shamba hai la mboga na matunda: nikodi ekari mbili au nijaze hii moja?

Ngazi_za_Mgeta: Wakuu salaam. Nina ekari moja ya ngazi za mlimani huku Mgeta, Morogoro: karoti, figili, chainizi, pesheni pembezoni. Mbolea ya dukani siitumii, wala dawa. Wateja wa Morogoro mjini wananimaliza mzigo, oda za Dar nazikataa. Njia ninazoziona: nikodi ekari mbili za jirani, mkataba wa mwaka mmoja mmoja, nibaki kwangu niweke simtanki, mipira ya matone, na parachichi na papai katikati ya mboga, au niungane na wenzangu wanaolima hai tukusanye mzigo. Hela inatosha njia moja.

Fundi_Matone: Ya pili. Mboga bei hupanda kiangazi, na kiangazi ndicho unachokikosa. Kwenye ngazi umebahatika: weka tanki ngazi ya juu, maji yashuke yenyewe, pampu ya nini? Usisahau chujio, maji ya kijito yana mchanga na vitundu vya mipira huziba upesi. Kibali cha kutumia maji kinatoka ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu.

Kijana_wa_Mlali: Mnamkatisha tamaa bure. Ekari mbili ni ekari mbili! Soko lipo, alime.

Dada_Figili: Atalima kwa mboji ipi? Ekari moja tu inameza samadi ya kutosha. Halafu tuambie, jirani alikuwa analima nini hapo?

Ngazi_za_Mgeta: Nyanya. Kantangaze, yule mdudu wa nyanya, alimsumbua, akawa anapiga dawa mfululizo.

Dada_Figili: Basi hapo acha. Shamba la hivyo lina kipindi cha mpito kabla mazao yake hayajauzwa kama ya hai. Msimu wa kwanza utapanda marejea, mimea ya kurutubisha udongo, uyafukie, utaleta samadi, utatandaza majani. Udongo ukianza kuitika, mwenye shamba anakwambia mwanangu karudi toka mjini. Kama anakubali miaka mitano kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, hapo tutaongea.

Na parachichi katikati ya karoti, hapana jamani. Hata mche wa kubebesha (uliounganishwa) unakaa kama miaka mitatu ndipo uzae vizuri, na kivuli chake kikifunga hakuna mboga chini. Ipeleke mpakani. Papai sawa, linazaa mapema, na likizeeka unalikata.

Mzee_Samadi: Wanangu, njia ya tatu mmeiruka kama dimbwi. Cheti cha peke yako ni ghali. Kwenye uthibitisho shirikishi wakulima mnakaguana wenyewe kwa kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki kilichopitishwa 2007, na alama ya Kilimohai, ile ya kutambulisha mazao hai, mnaweza kuipata. Oda ya Dar inataka mzigo kila wiki, mtu mmoja hauwezi. Ila chagueni watu. Mmoja akipiga dawa usiku, kikundi kizima kinaingia matatani.

Kijana_wa_Mlali: Hapo kwa mzee nakubali. Kikundi hakili hela nyingi, kinakula muda.

Ngazi_za_Mgeta: Kumbe hata mbili zinawezekana. Matone kwa hela niliyonayo, kikundi kwa vikao vya Jumapili. Jirani nitamuuliza hiyo miaka mitano, ingawa namjua. Fundi, tanki la lita 1,000 litatosha?

Fundi_Matone: Inategemea kijito. Usikipime sasa kimejaa. Subiri Oktoba kabla ya vuli, kinga ndoo ya lita 20, angalia inajaa kwa sekunde ngapi, kisha niletee jibu hapa.