Kobe aliyeachwa uani: porini, au wapi?

Mkazi wa Kisauni: Jirani kahama, kobe wa madoa kabaki uani. Ukubwa wake ni kama sufuria ya wali wa watu wanne. Nusu ya mtaa inasema akaachiwe Shimba Hills, nusu inasema abaki ale maganda. Mimi naona porini ndiko kwao. Tundu la kamba analo tayari ukingoni mwa gamba, kwa hiyo hapotei wakati tunashauriana.

Daktari Mifugo: Msimwachie. Kobe wa uani anaweza kubeba vijidudu vya maikoplazma bila dalili, kisha misukosuko ya safari ikamwamshia ugonjwa: makamasi puani, macho kuvimba, mdomo wazi akivuta pumzi. Wa porini nao wataambukizwa. Tena kobe aliyehamishwa hatulii pale mlipomweka, hutembea kutafuta alikotoka hata kama katikati kuna barabara kuu. Pigieni KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, wamchukue wenyewe, maana Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inataka kibali. Na hilo tundu ni ukatili.

Fundi Mabati: Ukatili wapi? Gamba ni kucha. Watu wanakata kucha kila Ijumaa na hakuna anayelia.

Daktari Mifugo: Ndugu yangu, kucha ni ngozi ya juu tu ya gamba. Chini yake kuna mfupa hai wenye damu na neva. Mbavu na uti wa mgongo vimeungana na gamba, ndiyo maana kobe hawezi kutoka ndani yake. Ukitoboa unapasua mfupa. Nzi wanataga kwenye kidonda, funza wanaingia, na kwa nje utaona doa jeusi tu lenye harufu. Mkazi, chungulia hilo tundu leo. Likiwa bichi, kata kamba, osha kwa maji ya chumvi: kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita ya maji yaliyochemka yakapoa. Kisha paka ayodini iliyozimuliwa mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi. Usizibe kwa gundi, utafungia usaha ndani.

Mzee wa Bandari: Daktari, punguza sauti. Kobe wa kamba tumewaona Mombasa tangu zamani na wanaishi miaka. Siku hizi kijana akisoma kidogo, wazee wote ni makatili.

Daktari Mifugo: Shikamoo mzee wangu. Sikukutaja wewe. Lakini kuishi miaka si kusema hakuumia. Kobe halii. Ukimgusa penye kidonda anavuta kichwa ndani na kutoa pumzi kwa nguvu, fyuuu, basi. Mtu asiyemjua anadhani amelala.

Bint Unguja: Kisiwa cha Changuu huku Zanzibar kuna makobe wakubwa, wazao wa wale wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Umri wao umeandikwa kwa rangi gambani, na hatujasikia tundu.

Fundi Mabati: Kumbe rangi ruhusa, kamba haramu?

Bint Unguja: Nani kasema ruhusa? Rangi ya mafuta kwa kobe mdogo anayekua ni mbaya pia, inaganda kwenye mistari ambako gamba linaongezeka. Usinilishe maneno.

Kijana wa Tudor: Mnabishana bure. Mpelekeni Likoni mumtie baharini, si kasa huyo?

Bint Unguja: Jamani hapana! Mtazameni miguu. Kasa ana makasia, kobe ana miguu minene kama ya tembo. Ukimtia baharini anazama na kufa. Hata beseni lina kipimo: maji ya vuguvugu yafike kidevuni, dakika 15 hadi 20, na mtu asiondoke.

Mkazi wa Kisauni: Nimeangalia tundu, ni kavu, kamba nimekata. Sasa anazunguka ua mzima. Mpaka KWS waje ale nini? Wanampa ugali.

Daktari Mifugo: Ugali na mkate acheni, vinachachuka tumboni na kumjaza gesi. Mpeni ukoka, majani na maua ya haibiskasi, mpungate uliotolewa miiba. Ule mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufukweni mwekeeni autafune, ni chokaa. Jua la asubuhi liwe la moja kwa moja, si la kupitia kioo, kwa sababu kioo kinazuia miali inayomsaidia kutumia hiyo chokaa. Mzungushieni kizuizi cha nusu mita. Kisiwe wavu, maana akiona upande wa pili atausukuma mpaka ajichubue pua.

Fundi Mabati: Bati basi. Fukieni sentimita 20 chini, na ukingo wa juu ukunjwe, bati mbichi inakata shingo. Na msiliweke upande wa jua la saa nane, linaungua kama kikaango.

Mzee wa Bandari: Na kivuli. Chini ya mwembe patamfaa.