Darasa la kwanza watoto 140, chumba kimoja: tuanze na boma?

Mjumbe_Buchosa
Wakuu, shule yetu ya msingi iko jirani na mwalo wa wavuvi. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 uandikishaji haujashuka, na hatutaki mtoto arudishwe nyumbani. Sasa la kwanza wako 140, mwalimu mmoja. Wanafika la tatu hata silabi zinawashinda. Mkutano wa kijiji unataka nguvu zote ziende kwenye boma, yaani kuta za darasa jipya kabla ya kuezekwa. Ni sawa?

ChakiNyeupe
Boma endeleeni nalo, lakini kwanza angalieni nani anafundisha la kwanza. Shule nyingi walimu hodari hupangwa la nne na la saba kwa ajili ya mitihani ya taifa, la kwanza anaachiwa aliyeripoti juzi. Hapo ndipo KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) inapofia.

Kwa kiwango cha 45, watoto 140 wanahitaji mikondo mitatu na ushee. Anzeni na miwili ya 70 katika chumba hichohicho: saa 2:00 hadi 5:30, kisha saa 6:00 hadi 9:30. Walimu wawe wawili. Mkimbebesha mmoja zamu zote, ikifika saa 7 sauti imekauka na wa mchana wanaishia kunakili ubaoni. Zamu zibadilishane kila mwezi, maana wa mchana hufika wamechoka, wengine hawajala.

Kisiwani
Naongezea la tatu na la nne. Wapimeni kwa mdomo, mmoja mmoja: herufi, silabi, maneno, sentensi, kisha hadithi fupi. Dakika 4 kila mtoto, kwa hiyo 70 wanakula karibu saa 5; gawaneni walimu wawili. Halafu saa moja kila siku wakae kwa uwezo, si kwa darasa. Shirika la Pratham la India ndilo lililosambaza utaratibu huu. Unakwama pale kundi la herufi linapogeuzwa jalala la "wazito" na kukosa mwalimu. Pimeni upya kila baada ya wiki sita hivi, anayeweza ahame.

Na kwa shule za mwaloni, tazameni mwezi! Siku za giza dagaa wanavuliwa, asubuhi watoto wako kwenye kuanika. Herufi mpya fundisheni wakati wa mbalamwezi, giza liwe la marudio.

Mjumbe_Buchosa
Asanteni. Ruzuku ya serikali kwa shule haiwezi kumalizia boma?

ChakiNyeupe
Haitoshi, mkuu. Kiwango ni sh. 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 4,000 ni za vitabu, hazipiti kwenu, 6,000 ndizo huingia shuleni. Shule ya watoto 900 inapata 5,400,000, yaani 450,000 kwa mwezi. Hiyo ni chaki, karatasi za mitihani na kitasa kilichovunjika. Boma ni mawe, mchanga na maji ya wananchi, kisha halmashauri iombwe bati. Ila mchango usigeuke ada: asiyetoa, mtoto wake asiguswe.

Choo nacho kiingie kwenye hesabu: tundu 1 kwa wasichana 20, 1 kwa wavulana 25. Kila chumba kipya cha watoto 45 kinadai matundu mawili. Chimbeni kabla ya kupaua.